Mkono wa Idi Haupigwi Chapa

Kila Ramadhani inapokwisha na mwezi wa Mfunguo Mosi kuandama, meza ya ukumbini kwangu hapa Kitisuru hujaa kadi. Idi iliyopita nilizihesabu, zikawa 23. Kumi na tisa zilitoka kwa makampuni, mabenki na wanasiasa, kila moja ina mwezi wa rangi ya dhahabu na mnara wa msikiti usiojulikana uko nchi gani, na chini yake sahihi iliyopigwa chapa pamoja na picha. Tatu zilitoka kwa jamaa zangu mwenyewe, nazo zilikuwa hivyo hivyo, hata jina la mtumaji lilitoka mtamboni. Moja tu ndiyo iliyoandikwa kwa mkono. Aliyeileta ni bawabu wa jirani yangu, mzee Mkristo ambaye nyumba yake na yangu zimetengwa na ukuta na safu ya miti. Mzee yule alichukua kalamu ya wino akaniandikia maneno machache: Idi njema, na kwamba amefurahi kusikia mtoto wetu ameshapona.

Siku ya tatu ya Idi nilipokuwa nikisafisha meza, zile 22 nilizikusanya pamoja bila ya kuzisoma mara ya pili. Ile moja ningali nayo.

Basi suala ninalotaka tulizungumze leo ni hili: je, kadi ya Idi yafaa iandikwe kwa mkono, au yatosha ile iliyokwisha kupigwa chapa, ya kutia katika bahasha na kubandika stempu? Huenda wako watakaosema kwamba hili ni jambo dogo, na kwamba Waislamu tuna mambo makubwa zaidi ya kushughulikia. Mimi nasema si dogo. Salamu ni amana. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 86, tumeamrishwa kwamba tunapoamkiwa kwa maamkizi yoyote, turudishe yaliyo bora kuliko hayo, au walau mfano wake. Jambo lililotajwa ndani ya Kitabu mtu hawezi kulipuuza.

Kabla ya kumlaumu yeyote, sina budi kuanza na nafsi yangu. Miaka michache iliyopita nilikwenda katika duka moja huko Westlands, nikanunua kadi dazeni moja. Mwenye duka akaniuliza kama ningependa jina langu na la mke wangu lipigwe chapa ndani yake kwa wino wa dhahabu. Nikaona hilo ni jambo la kiungwana sana. Nikalipa, nikaandika anwani, nikazipeleka Posta. Nyingine zilikwenda Malindi, nyingine Lamu, na moja ikaenda Mombasa, mtaa wa Kibokoni, kwa shangazi yangu.

Baada ya siku kadhaa shangazi akanipigia simu. Baada ya kuamkiana na kuulizana hali, akaniambia, "Mwanangu, nimepata kadi nzuri mno. Nimemwita mtoto wa jirani anisomee, akaniambia imetoka kwako. Nikasema haiwezi kuwa. Mkono wako una nini? U mzima?"

Nikamjibu kwamba ni mzima, alhamdulillahi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nashukuru. Mimi nilidhani una maradhi."

Wallahi, siku ile niliona haya. Shangazi yangu ndiye aliyenifundisha alifu na bee juu ya ubao. Hajui herufi za Kizungu, lakini barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ameandika maisha yake yote, na katika kasha lake zimo barua za marehemu baba yangu tangu alipokuwa akifanya kazi bara. Na mimi mwanafunzi wake nimempelekea karatasi yenye maneno ya Kiingereza, yenye jina langu kwa herufi asizozijua, na isiyo na hata nukta moja iliyotoka kidoleni mwangu.

Hata hivyo, haki ni haki, na wanaoitetea kadi ya kuchapwa wana hoja zao. Hoja ya kwanza ni shughuli. Mtu wa mjini ana jamaa, marafiki na wafanyakazi wenzake mamia. Akitaka kumwandikia kila mmoja, Ramadhani yote itamalizikia katika kalamu ilhali mwezi ule ni wa ibada. Hoja hii ni ya zamani. Mwaka 1843 huko London, bwana mmoja aitwaye Henry Cole alilemewa na barua za kuwajibu rafiki zake wakati wa Krismasi. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi, akaipiga chapa na nyingine akaziuza kwa shilingi moja moja. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa kadi ya kwanza ya Krismasi ya kuuzwa madukani, na hizi kadi zetu za Idi ni wajukuu wa kadi ile.

Hoja ya pili ni kwamba si kila mtu ana mwandiko wa kusomeka. Wako wazee ambao mikono yao yatetemeka, na wako wasiojua kuandika kabisa. Hawa wakinunua kadi iliyo tayari, nani atawalaumu?

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo imo ndani ya kabati za mama zetu. Wanaosema kwamba neno lililopigwa chapa halina moyo na waitazame kanga. Kule Mombasa, katika mtaa wa Biashara, duka la Kaderdina Hajee Essak, lile la "Mali ya Abdulla", limekuwa likiuza leso tangu karne ya 19. Maneno ya kanga yalikuwa yakichapwa kwa herufi za Kiarabu hapo kale, kisha yakaja kuchapwa kwa herufi za Kirumi. Maneno hayo si ya mnunuzi, wala hakuyatunga yeye, na doti maelfu zina neno lile lile. Lakini ni mara ngapi kanga imepatanisha mke na mume, au imemtoa chozi mama aliyeletewa na mwanawe siku ya Idi? Basi kwa nini kadi ilaumiwe na kanga isifiwe?

Nimeifikiri sana hoja hii ya tatu, na jibu nililolipata ni kwamba mwenye kutoa kanga hufanya kazi ambayo mwenye kutuma kadi hizi za siku hizi haifanyi. Mnunuzi wa kanga huenda dukani, akafunuliwa doti baada ya doti, akazisoma, akakataa, akauliza nyingine, mpaka alipate lile neno linalomfaa mtu mmoja anayemjua. Kisha humpelekea kwa mkono wake, au huipeleka kwa mtu anayeaminika. Neno ni la kiwanda, lakini uchaguzi ni wa mtu. Mimi na kadi zangu kumi na mbili za dhahabu sikuchagua kitu. Ile iliyokwenda kwa shangazi ingaliweza kwenda Malindi, na ya Malindi ikaenda Lamu, na hakuna ambaye angalitambua.

Hata Henry Cole mwenyewe hakufanya hivyo. Juu ya kadi yake palikuwa na nafasi ya kuandika jina la anayepelekewa, na chini palikuwa na nafasi ya jina la anayetuma, ili mkono upate kupita. Mwaka 2001, moja ya kadi zile, ambayo Cole alikuwa amempelekea bibi yake, iliuzwa kwa mnada huko Uingereza kwa pauni 22,500. Karatasi ya shilingi moja ilipata thamani hiyo kwa sababu ulikuwapo mkono wake.

Nasi tulikuwa na mtindo kama huo. Wasomaji wa makamo watazikumbuka kadi za salamu za redio, tulizokuwa tukizipeleka Sauti ya Kenya, shirika ambalo mwaka 1989 lilirudishiwa jina la KBC. Kadi ilikuwa imechapwa, ina mistari mitupu. Mtu alikaa, akafikiri ni nani amsalimu, akayaandika majina moja baada ya jingine, na siku yanaposomwa mtaa mzima hunyamaza. Hakuna aliyesema kwamba salamu zile ni za bandia.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kosa si la mtambo. Mtambo ni chombo tu, kama kalamu ilivyo chombo. Kosa ni kuuachia mtambo ufanye hata ile kazi ya kumkumbuka mtu. Na maradhi haya hayakuishia katika kadi. Siku hizi asubuhi ya Idi simu hulia tangu alfajiri, lakini ujumbe unaokuja ni picha moja ya maua na mwezi, nayo simu yenyewe imeandika juu yake kwamba umepitishwa tu kutoka kwa mwingine. Wapo wanaotuma pesa kwa M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, nami nawasifu, maana mtoto aliye mbali hupata sikukuu yake siku ile ile. Lakini ukituma shilingi mia mbili kwa mtoto bila ya kumpigia simu hata dakika moja, mtoto ataijua pesa na asikujue wewe.

Lugha yetu ina hekima katika jambo hili. Sisi watu wa pwani husema kupeana mkono wa Idi. Hatukusema karatasi ya Idi wala picha ya Idi. Kule Mombasa watoto huenda nyumba kwa nyumba na nguo zao mpya, wakapewa chochote, kisha wakaelekea Makadara kwenye mabembea. Hapa Kitisuru hakuna mtoto anayebisha hodi. Nyumba zimejificha nyuma ya kuta na mageti, mbwa wamefunguliwa, na ingawa tuna barabara inayoitwa Peponi, asubuhi ya Idi mtaa huwa kimya kama siku nyingine yoyote ya mapumziko. Sisi tuliohamia bara ndio tunaoihitaji kadi zaidi, maana kwetu kadi ndiyo mkono wenyewe. Tukiuondoa mkono ndani ya kadi, tumebaki na nini?

Kuna mambo mawili mengine ambayo lazima niyataje. La kwanza ni aya za Mwenyezi Mungu. Nyingi ya kadi hizi huwa zina Bismillahi, au aya nzima, kwa maandishi ya dhahabu. Zikichapwa kwa maelfu na kupelekwa kwa watu wasiozihitaji, mwisho wake ni jaa. Nimeziona kwa macho yangu zimechanganyika na maganda ya ndizi. Mwenye kuandika kwa mkono huwa na haya ya kulitupa jina la Mola wake, na mwenye kupokea hulihifadhi. Wenye makampuni, tafadhali, mkitaka kutuamkia andikeni "Idi njema", yatosha, na aya tuachieni misahafu.

La pili ni khati yetu. Barua za Kiswahili zilizotoka Kilwa mwaka 1711, mojawapo ya Mfalme Fatima, ambazo zimehifadhiwa Goa huko India, ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti lake la Sahifa mjini Mombasa mwaka 1930, herufi alizotumia ni hizo hizo. Leo hii watoto wetu wanazisoma chuoni kwa ajili ya Kurani, lakini hawajui kwamba zaweza kuandika "Shangazi, u hali gani?" Mahali pepesi pa kuanzia ni hapa, katika kadi ya Idi. Mistari miwili yatosha.

Basi ushauri wangu ni huu. Anayetaka kununua kadi na anunue, wala wenye maduka na mitambo tusiwakatie riziki. Tena ningewaomba watuchapie Msikiti wa Mandhry na Riyadha ya Lamu badala ya minara ya ugenini. Lakini ndani yake paachwe patupu. Pale patupu mtu aandike jina la anayempelekea, na jambo moja ambalo haliwezi kuandikiwa mtu mwingine: mgonjwa wako yu hali gani, mkwaju wa uani bado wazaa? Mwenye jamaa mia mbili na achague kumi kila Idi, waliobaki awapigie simu. Asiyejua kuandika amwagize mjukuu wake, naye atie alama ya kidole. Na watoto wapewe kalamu tangu kumi la mwisho la Ramadhani.

Mimi nilianza Idi ya Mfunguo Tatu iliyofuata simu ile. Nilikaa mezani baada ya Isha, nikamwandikia shangazi mistari sita kwa herufi za Kiarabu. Ilinichukua karibu saa mbili, na karatasi tatu nilizichana. Majibu yake yalikuja na abiria wa basi la usiku, ndani ya bahasha iliyotumika mara moja. Alikuwa amenirudishia kadi yangu mwenyewe, makosa yangu manne ameyasahihisha kwa wino mwekundu kama zama za ubao, na chini yake ameandika kwamba sasa amejua mkono wangu ni mzima, ila wataka mazoezi.