Gereji za Wakala: Mnatutengenezea au Mnatukamua?



Mimi ni muuguzi hapa Riyadh, nakaa Malaz. Wanawake tuliporuhusiwa kuendesha magari, Juni 2018, niliachana na madereva wa kukodi. Furaha ile imenikutanisha na uchungu mwingine: bili ya wakala.

Juzi nilipeleka gari kubadilisha oili na kuangalia breki zilizokuwa zinalia. Nimetoka zamu ya usiku, nikasinzia kwenye kochi lao. Kuamka, naambiwa riyali 2,000, na VAT ya asilimia 15 juu yake, jumla 2,300. Zaidi ya dola 600! Wamebadilisha pedi na disiki zote, wamesafisha nozeli, wamesafisha AC. Nani kawatuma? Eti kompyuta imependekeza. Nikaomba nionyeshwe spea zilizotolewa. Zimeshatupwa! Fundi wa Sanaiya aliniambia kazi hiyo hiyo angeifanya kwa chini ya nusu.

Najua mtasema: dada, wakala ana vifaa, ana mafundi waliosomea na spea halisi. Nakubali, na vitu hivyo nitavilipia. Ninachokataa ni kulipia nisichoagiza. Hospitali simchomi mgonjwa sindano bila kumweleza, wala hapelekwi kwenye upasuaji wa kupangwa kabla hajasaini. Asiyejua ndiye anayestahili kuelezwa zaidi. Iweje mwenye spana awe na ruhusa ambayo daktari hana?

Halafu kuna kitisho cha waranti: ukitengeneza nje, umeipoteza. Mbona Marekani sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inamkataza mtengenezaji kukufunga kwa spea au huduma za jina lake, labda akupe bure? Kwa hiyo inawezekana, wakubwa wakitaka.

Na nyie mlioko nyumbani msitucheke. Fundi wa Gerezani mnasimama naye kichwani mpaka amalize. Lakini magari ya serikali Tanzania hupelekwa TEMESA, taasisi iliyoundwa mwaka 2005, na malalamiko ya gharama zake yamesikika mpaka bungeni. Bili ile analipa mama muuza vitumbua kupitia kodi ya vitu anavyonunua, na gari lenyewe hajawahi kulipanda. Nani anayesimama kwa niaba yake kuuliza spea iliyotolewa iko wapi?

Hoja yangu ni moja, huku na huko. Sheria iseme: makadirio kwa maandishi kwanza, sahihi ya mwenye gari, na spea ya zamani irudi mkononi mwake. Pasipo sahihi, hakuna malipo. Na gari likiwa la umma, makaratasi hayo yawe wazi kwa umma.

Mpaka siku hiyo ifike, dada zangu, kahawa yao kunyweni, lakini msisinzie.

Naomba kutoa hoja.