Simu ya Kituo cha Afya: Mashine Ipokee, Binadamu Asikilize

Anayeteremka kutoka Mgeta, Matombo au Kinole kuja kutibiwa mjini Morogoro huhitaji mambo mawili kabla ya kufunga safari: nauli na uhakika. Nauli aweza kuikopa kwa jirani. Uhakika kwamba kliniki ipo siku hiyo na majibu ya vipimo yametoka huupata kwa kupiga simu. Kwa sababu hiyo, sisi tunaohudumu Mafiga na kwingineko chini ya Milima ya Uluguru hatuna budi kuihesabu simu kuwa sehemu ya matibabu.

Siku hizi vituo kadhaa vinavutiwa na simu za intaneti. Sauti hugeuzwa kuwa vipande vidogo vya data na kusafirishwa kwenye mtandao. Kompyuta moja ndogo yenye programu huria, mathalani Asterisk iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999, yatosha kupokea wapigaji kadhaa kwa wakati mmoja na kuwasomea orodha: bonyeza 1 kwa huduma hii, bonyeza 2 kwa ile. Faida yake siipingi. Muuguzi wa mapokezi anayekatizwa kila dakika ili ataje saa za kufungua kliniki hawezi kumhudumia ipasavyo mgonjwa aliye mbele yake.

Hata hivyo, naandika makala haya kwa majuto. Miaka michache iliyopita niliombwa na kituo kimoja, ambacho sitakitaja, kuandaa maneno ya orodha kama hiyo. Niliandika salamu ndefu, nikaeleza dira ya kituo, kisha nikapanga machaguo saba kwa mfuatano wa idara. Dharura niliiweka ya saba. Halikuwa kosa la fundi, lilikuwa langu.

Baadaye alikuja mzee mmoja aliyempigia simu mkwewe aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua nyumbani. Alisikiliza salamu, akasikiliza idara, salio likaisha kabla hajaifikia namba ya saba. Wakampakia mama yule kwenye bodaboda bila mtu yeyote kituoni kujua kwamba anakuja. Alipona, lakini damu ya kumwongezea ilianza kutafutwa alipokwisha kufika. Mzee hakunilaumu. Aliniuliza tu kwa upole kama ile sauti ilikuwa ya mtu, kwani aliieleza shida yake mara tatu na haikumjibu. Kwa tabibu anayejua kwamba damu baada ya uzazi yaweza kuua ndani ya saa chache, swali lile ni zito kuliko lawama.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja: mashine ipange foleni, isihukumu ugonjwa. Na kwa kuwa mafiga ni mawe matatu yanayobeba chungu, nami nataja mambo matatu ambayo moja likikosekana chungu humwagika.

La kwanza ni ufupi. Dharura itajwe mwanzo kabisa, hata kabla ya jina la kituo. Machaguo yasizidi manne. Huduma itangulie, namba ifuate: “Kwa mama mjamzito au aliyejifungua, bonyeza 1.” Namba ikitangulia, msikilizaji hulazimika kuishika kichwani kabla hajajua ni ya nini. Sauti irekodiwe taratibu na mtu mwenye Kiswahili cha kawaida, maana wapo wazee wetu ambao lugha yao ya nyumbani ni Kiluguru, na wengi hutumia vitochi ambavyo lazima viondolewe sikioni ili kubonyeza. Wapewe muda wa kutosha, na orodha irudiwe.

La pili ni siri. Simu ya kijijini mara nyingi ni ya familia nzima, na husikilizwa kwa spika. Orodha isitaje virusi vya ukimwi, kifua kikuu wala afya ya akili. Iseme “miadi ya kliniki”, na mengine yaulizwe na mhudumu. Ikiwa mazungumzo yanarekodiwa, mpigaji aambiwe mapema. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sauti ya mgonjwa ni taarifa yake kama lilivyo faili lake.

La tatu ni binadamu. Asiyebonyeza chochote asikatiwe. Baada ya sekunde chache apelekwe kwa mtu. Usiku, simu iende moja kwa moja kwa muuguzi wa zamu. Wenzangu watasema hatuna watumishi wa kukaa simuni. Ni kweli ni wachache, na ndiyo maana mashine ijibu maswali ya saa, siku na miadi, ili simu chache zinazobaki zipate sikio la mtu. Aliyeishiwa salio akibipu, programu yaweza kuihifadhi namba yake ili apigiwe.

Kabla ya kuizindua, tuijaribu. Kila kitufe hutoa milio miwili kwa pamoja, na sauti inapobanwa ili ipite kwenye intaneti hafifu, milio hiyo yaweza kuharibika. Fundi aipange ipelekwe kando na sauti. Umeme ukikatika, simu hii hunyamaza. Iwekewe betri, na wapigaji wahamishiwe kwenye namba ya kawaida ya mkononi. Kisha tumpe simu bibi mmoja aliyekaa kwenye benchi la wagonjwa, tumwombe aitafute dharura. Akishindwa, tuliokosea ni sisi.

Kwenu ndugu wagonjwa: msingoje orodha imalizike ikiwa kuna damu nyingi, degedege, kichwa kuuma sana pamoja na kuona maluweluwe, au mtoto kuacha kucheza tumboni. Anzeni safari huku mkipiga simu. Namba 115 ni ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, na 199 ni ya Wizara ya Afya. Zote hazina malipo. Ziandikwe ukutani, si kwenye simu pekee, maana simu huzimika chaji.

Orodha niliyoiandika ilibadilishwa. Leo neno la kwanza analolisikia mpigaji ni “dharura”, na akikaa kimya hupokewa na mtu. Kila kituo kinachotaka kufunga mfumo huu kianzie hapo.