BEI ISIYO NA MTUMIAJI

Huenda mkazi wa Chang'ombe, hapa Dodoma, akauliza habari za wanasesere wa Marekani zinamhusu nini. Sisi tunaona zinamhusu sana, kwa kuwa maradhi yaliyowapata wenye wanasesere hao yamekwisha kubisha hodi Afrika ya Mashariki, wala hayachagui mtaa.

Mwaka 1993 kampuni ya Ty ilianza kuuza wanyama wadogo wa kuchezea, walioshonwa kwa kitambaa na kujazwa punje za plastiki. Waliitwa Beanie Babies. Mmoja aliuzwa dola 5 hivi, nayo ilikuwa bei ya mtoto. Lakini mwenye kampuni, Bwana Ty Warner, alikuwa na hila ya biashara: mara kwa mara ilitangazwa kuwa mnyama fulani hatatengenezwa tena. Ndipo watu wazima walipowapokonya watoto mchezo wao. Waliwafungia wanyama hao makabatini wakitumaini kuwauza kwa mamia ya dola, hata maelfu. Mwaka 1999, huko Las Vegas, mume na mke walioachana waligawana wanasesere wao mmoja mmoja sakafuni mwa mahakama. Mwaka huo huo kampuni ilitangaza kwamba itaacha kuwatengeneza wote, kisha ikaghairi. Haikufaa kitu. Kila mtu alikuwa muuzaji, na mnunuzi hakuonekana.

Asiseme mtu kwamba huo ni upuuzi wa Wazungu. Mwaka 2013 jirani zetu wa Kenya walishikwa na homa ya kware. Ilivumishwa kwamba mayai ya ndege huyo ni dawa ya kila ugonjwa, na bei ya yai moja ikapita mara kadhaa bei ya yai la kuku. Watu walitoa akiba zao, wengine wakakopa. Lakini wengi walionunua hawakuwa walaji. Walikuwa wafugaji wapya waliotafuta mbegu ili nao wawauzie wengine. Kware huanza kutaga akiwa na majuma sita au saba, hivyo miezi michache ilitosha kujaza soko. Mwaka 2014 bei ikaporomoka. Vizimba vikabaki, na madeni yakabaki.

Wala dunia haijajifunza. Mwezi Juni 2025, mnadani Beijing, mwanasesere mmoja mkubwa aitwaye Labubu aliuzwa kwa yuan 1,080,000. Mwezi huo huo kampuni ilipotoa wengine kwa wingi, bei za walanguzi zikashuka.

Hatusemi mzazi asimnunulie mwanawe mwanasesere. Mtoto akicheza naye, fedha imefanya kazi yake. Tunalosema ni kwamba kitu kinachonunuliwa ili kiuzwe tu hakina bei ya kweli. Zabibu za Dodoma hupanda na kushuka bei, na mkulima huumia. Lakini yupo wa kuzila, na yupo wa kuzikamua mvinyo. Mwanasesere wa kabatini hana mtu wa namna hiyo.

Kwa hiyo, mwananchi anayeshawishiwa kutoa akiba ya jamaa yake kwa ajili ya kitu ambacho "kila mtu anakitaka", hana budi kuuliza swali moja: nani atakitumia? Akijibiwa kwamba atapatikana mwingine wa kukinunua, na afunge mkoba wake. Huyo mwingine anayetajwa ndiye yeye mwenyewe.