Wanafunzi wa kujitolea Ankoro: simenti ikikwama njiani, kazi inabakia gani?

Kutoka Kalemie mpaka Ankoro, ndege ingepita moja kwa moja zaidi ya kilomita 250. Mwanafunzi hana ndege. Ana treni ya Kabalo, siku ikipatikana, halafu mashua ya kupanda mto Lualaba. Ama pikipiki kwenye barabara ambayo mvua ikinyesha inakuwa matope tu. Kikundi kinachotaka kutumia likizo kujenga vyoo ama visima Ankoro kinakutana na shida hata mbele ya kufungua mfuko mmoja wa simenti.

Na mara nyingi mpango wote umesimama juu ya ule mfuko. Ukikwama Kabalo, vijana wanangojea, makuta ya chakula inaisha, wanarudi. Wakaaji wanabaki na shimo la nusu na neno moja: "Bale batoto balikuya kusema tu." Kikundi kitakachokuja mwaka unaofuata ndicho kitalipa deni hilo.

Kuna kizuizi kingine ambacho hakionekani ukiwa Kalemie. Ankoro iko pale Luvua inapokutana na Lualaba. Luvua inatoka ziwa Mweru, Lualaba inapita kwenye maziwa na mabwawa ya Upemba. Maji yanakaa kwanza kule juu, halafu yanashuka polepole, kwa hiyo mto unaweza kuwa juu mwezi wa 4 ama wa 5, wakati mvua inaelekea kuisha. Choo kinachochimbwa karibu na mto wakati huo kinajaa maji, na uchafu unafuata njia ya chini mpaka kisimani. Hapo kuendelea na mpango ni vibaya kuliko kuuacha.

Lakini choo hakikuwa lengo. Lengo lilikuwa kupunguza kipindupindu, ile kolera ambayo watu wa kandokando ya Lualaba wanaijua vizuri. Kwa lengo hilo kuna kazi isiyongojea simenti. Mtu anaweza kukaa asubuhi pale mama wanapochota maji na kutia dawa ya klori katika kila bidoni ya lita 20. Kipimo kinatoka kwa watu wa zoni ya afya waliopima yale maji, hakikisiwi na mwanafunzi kwa macho. Nyumba kwa nyumba, anaweza kufundisha maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Mgonjwa anaanza kunywa nyumbani na anaendelea njiani kwenda kituo cha afya. Kazi hii haitoi picha nzuri ya kutumia wafadhili, ni kweli.

Wenye kuijua tayari wako palepale: ni relé za jamii, wale wanaitwa RECO. Wao pia wanajitolea, na likizo ikiisha hawaendi popote. Mpango unaoanza nao unaweza kupoteza wanafunzi wote na bado ukatembea.

Kupunguza mpango nako kuna hatari yake. Njia ikifungwa, ni rahisi kuacha vijiji vya mbali na kubaki katikati. Lakini teritware ya Manono haijasahau vita ya Watwa na Waluba iliyowaka sana 2016 na 2017. Kijiji kilichoondolewa kwenye orodha kikiwa cha Watwa, hakuna atakayeamini kama sababu ilikuwa pikipiki. Afadhali kupunguza siku katika kila kijiji kuliko kufuta kijiji. Na pale usalama wenyewe unakosa, vijana wasiende, lakini ujumbe ufike kwa wakubwa wa pande zote mbili.

Mikono ikikosa, wengine wanakimbilia kwa shefu atoe watu kwa nguvu. Wazee wanaikumbuka salongo ya enzi ya Mobutu. Kizuri chake wanakitaja, kulazimishwa pia. Anayetolewa shambani wakati wa kupanda hatachunga choo alichojengeshwa.

Mabadiliko yenyewe yasemwe wazi, mbele ya shefu, muuguzi mkuu wa kituo na RECO, siku ileile yanapoamuliwa. Na simenti ya Kabalo iandikwe: mifuko mingapi, inalala kwa nani, na nani atakuja kuichukua mwezi wa 7 mto ukishashuka.