Nyumba si pensheni mpaka ilete fedha mkononi

KWA wafanyabiashara wengi wanaovusha bidhaa Namanga, Busia, Mutukula na Rusumo, pensheni haina kadi wala namba ya uanachama. Pensheni ni nyumba. Faida ya mahindi, mitumba na vitenge huishia kwenye tofali na bati, kwa matumaini kwamba uzeeni nyumba itamtunza aliyeijenga.

Tatizo ni kwamba tofali haliliwi. Mzee anaweza kuishi kwenye nyumba ya thamani kubwa na akakosa fedha ya dawa.

Nchi tajiri zimelijibu tatizo hilo kwa mkopo wa aina yake. Uingereza, mwenye nyumba aliyefikisha miaka 55 anaweza kukopa kwa dhamana ya nyumba anayoishi bila kulazimika kurejesha kila mwezi. Deni na riba yake hulipwa nyumba ikiuzwa, baada ya yeye kufariki au kuhamia makao ya wazee. Marekani, mkopo kama huo wenye bima ya serikali huanzia miaka 62.

Afrika Mashariki, mkopo wa namna hiyo si bidhaa ya kawaida. Kinachofahamika hapa ni rehani: unaweka hati, unapewa fedha, unarejesha kila mwezi. Mtu aliyeacha safari za mpakani kwa sababu ya umri ndiye hasa asiyeweza marejesho hayo, na akikwama nyumba hunadiwa.

Je, bidhaa ya Uingereza ikiletwa itafaa? Kikwazo cha kwanza ni riba. Deni lisilolipwa hujizaa. Shilingi milioni 10 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka hufikia takriban milioni 18 baada ya miaka 10. Kwa asilimia 15, kiwango kisicho kigeni kwa wakopaji wa ukanda huu, fedha hiyo hiyo hupita milioni 40 kwa miaka 10, na milioni 80 kwa miaka 15. Ni nyumba chache zinazopanda thamani kwa kasi hiyo. Warithi wangebaki na matanga na hesabu ya benki.

Kikwazo cha pili ni umiliki. Nyumba nyingi zimejengwa kwenye ardhi ya ukoo au viwanja visivyo na hati. Hata penye hati, sheria za Kenya, Tanzania na Uganda zinataka ridhaa ya mwenzi kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani. Ulinzi huo ni wa haki, lakini una maana kwamba uamuzi huu si wa mtu mmoja.

Kikwazo cha tatu ni mpaka wenyewe. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliacha suala la ardhi chini ya sheria za kila nchi. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa asiye raia umiliki wa muda usiozidi miaka 99. Tanzania hairuhusu asiye raia kupewa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Ndiyo maana wapo wanaojenga upande wa pili kwa jina la shemeji au mshirika. Aliyefanya hivyo hana cha kuweka dhamana, na shemeji akifariki kwanza anaweza kukosa hata pa kulala.

Kwa hiyo, kwa mfanyabiashara wa leo, nyumba inasaidia uzeeni kwa njia mbili za uhakika zaidi: kumwondolea kodi ya pango na kumwingizia kodi ya wapangaji. Mkopo wa kuongeza vyumba una mantiki iwapo utachukuliwa akiwa bado anafanya biashara na kumalizika kabla hajastaafu. Kukopa uzeeni kwa ajili ya chakula ni kuila nyumba yenyewe.

Kilichobaki ni akiba ya fedha taslimu, na hapa milango imefunguka. Rwanda ina EjoHeza, iliyozinduliwa Desemba 2018 na kupokea waliojiajiri. Uganda ilifungua zaidi mlango wa michango ya hiari NSSF kwa marekebisho ya sheria ya 2022. NSSF za Kenya na Tanzania nazo hupokea wa sekta isiyo rasmi. Anayeishi kati ya nchi mbili ni vyema aulize kabla ya kujiunga: nikihamia ng'ambo, akiba yangu nitaipataje?

Swali hilo linaihusu pia Jumuiya. Lori la mahindi lina utaratibu wa kuvuka mpaka. Akiba ya uzee ya mwenye lori inastahili njia iliyo wazi vilevile. Hadi hapo, hatua ya kwanza haihitaji benki: kukagua hati ya nyumba ina jina la nani.