Sharapova atufunza hatari ya tembe za mazoea

Ukilitaja jina la Maria Sharapova mbele ya mashabiki wa spoti, utasikia moja kati ya kauli mbili. Wapo watakaokwambia kwamba yule Mrusi alikuwa mlaghai aliyenaswa, na wapo watakaosema alionewa. Kwa maoni yangu, pande zote mbili hubishana juu ya jambo dogo na kuliacha lililo kubwa. Kisa chake, msomaji, hakiwahusu wanamichezo pekee. Ni kisa cha mtu aliyeachana na daktari lakini asiachane na dawa ya daktari huyo, na watu wa namna hiyo wamejaa katika miji yetu.

Hebu kwanza tumtazame huyu mchezaji ni nani. Alizaliwa mwaka 1987 katika mji wa Nyagan, Siberia. Wazazi wake walikuwa wametoka Gomel, Belarus, eneo lililochafuliwa na sumu ya mlipuko wa Chernobyl wa mwaka 1986. Akiwa mtoto wa miaka sita hivi, babake alimpeleka Marekani kujifunza tenisi huku mamake akisalia nyuma kwa kukosa viza. Mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 17 tu, alimchapa Serena Williams kwa seti za 6-1, 6-4 katika fainali ya Wimbledon. Mwaka uliofuata akawa mwanamke wa kwanza kutoka Urusi kuorodheshwa nambari moja duniani. Kufikia mwaka 2014 alikuwa amenyakua mataji matano makuu, yakiwemo yale ya Marekani, Australia na Ufaransa.

Umaarufu huo ulijengwa juu ya bega moja la kulia. Mchezaji wa tenisi huutupa mkono juu ya kichwa mara nyingi mno katika mechi moja, na kila mara kano zinazoshikilia kiungo cha bega huvutwa kwa nguvu. Mwaka 2008 kano hizo zilichanika. Sharapova alikosa Michezo ya Olimpiki ya Beijing, na mwezi wa Oktoba akafanyiwa upasuaji. Alirudi uwanjani kwa mechi za mchezaji mmoja mmoja mwezi wa Mei 2009, akiwa ameporomoka hadi nambari 126. Katika mashindano ya Marekani mwaka huo alikosea mipira ya kuanzisha mara mbili mfululizo mara 21 katika mechi moja na kubanduliwa. Lakini hakukata tamaa. Aliubadilisha upigaji wake, akafanya mazoezi, na mwaka 2012 akatwaa taji la Ufaransa kwa mara ya kwanza.

Katika suala la bega, basi, alifanya yote ambayo mgonjwa anapaswa kufanya. Alipimwa, akatibiwa, akapumzika na kurudi polepole. Ajabu ni kwamba katika suala la tembe, mtu huyo huyo alikwenda kinyume kabisa.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka 2006 daktari mmoja wa Moscow alimwandikia dawa iitwayo meldoniamu, inayouzwa kwa jina la Mildronate. Sababu alizozitoa baadaye Sharapova ni upungufu wa madini ya magnesiamu, vipimo vya moyo visivyo vya kawaida, na ugonjwa wa kisukari katika ukoo wao. Dawa yenyewe ilibuniwa Latvia na hutumiwa katika nchi za Ulaya Mashariki kwa wagonjwa ambao moyo wao haupati damu ya kutosha. Hufanya kazi kwa kupunguza kiasi cha mafuta kinachochomwa na seli ili moyo utumie sukari zaidi, na sukari huhitaji oksijeni kidogo kuliko mafuta. Nchini Marekani, alikokuwa akiishi, dawa hiyo haikuwa imeidhinishwa.

Kwa mujibu wa uamuzi wa jopo lililoteuliwa na Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, orodha ya kwanza ya daktari ilikuwa na dawa na virutubishi 18. Kufikia mwaka 2010 orodha ilikuwa imefika 30. Mwishoni mwa mwaka 2012 Sharapova aliamua kuachana na mpango huo wa daktari, akaajiri mtaalamu wa lishe. Hapo ndipo penye kiini cha maoni yangu leo. Aliiacha orodha, lakini akabakisha vitu vitatu na kuendelea kuvitumia mwenyewe. Meldoniamu ilikuwa mojawapo. Kocha wake hakuambiwa. Mtaalamu wake wa lishe hakuambiwa. Hata kwenye fomu ambazo wanamichezo hujaza wanapopimwa, hakuiandika.

Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Kukabiliana na Pufya, WADA, lilitangaza kwamba meldoniamu ingepigwa marufuku kuanzia Januari 1, 2016. Taarifa zilitumwa kwa wachezaji, lakini Sharapova hakuisoma orodha hiyo. Mwezi huo huo wa Januari, katika mashindano ya Australia, alipimwa na dawa ikapatikana mwilini mwake. Mwezi wa Machi alijitokeza mwenyewe mbele ya waandishi wa habari mjini Los Angeles na kutangaza habari hiyo. Alifungiwa miaka miwili. Baadaye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliipunguza adhabu hadi miezi 15, ikisema kwamba alikuwa na kosa lakini hakukusudia kudanganya.

Mimi naiona hukumu hiyo ya pili kuwa ya haki. Wanaomwita mlaghai husahau kwamba kwa karibu miaka kumi dawa hiyo haikuwa haramu. Wanaodai alionewa nao husahau kwamba mtu mzima ndiye mlinzi wa kwanza wa kile kinachoingia kinywani mwake.

Lakini tuyaweke kando mambo ya mahakama. Kampuni inayoitengeneza dawa hiyo ilieleza mwaka 2016 kwamba kwa kawaida mgonjwa huitumia kwa wiki nne hadi sita, kisha daktari akaamua kama itarudiwa. Huyu aliitumia kwa miaka kumi, na katika miaka mitatu ya mwisho hapakuwa na daktari anayeuliza: je, ule upungufu wa magnesiamu ungalipo? Je, moyo unaendeleaje? Je, dawa hii bado yafaa? Tembe iliyoanza kama tiba iligeuka mazoea, na mazoea yana taabu.

Utaniambia, msomaji, kwamba mambo hayo ni ya matajiri. Sivyo. Sharapova alikuwa na fedha za kumlipa mtaalamu yeyote duniani, lakini fedha hizo hazikumsaidia kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyejua lote. Ikiwa yeye aliyezungukwa na wataalamu aliweza kupotea, sembuse wewe unayekwenda duka la dawa jioni ukitoka kazini, ukataja jina la tembe ulizopewa na daktari miaka mitatu iliyopita, na ukafungiwa bila kuulizwa swali? Wako wanaomeza dawa za maumivu kila siku hadi tumbo likaota vidonda au figo zikaharibika. Wako wanaomeza tembe za presha walizoandikiwa zamani pasipo kupimwa tena. Wako wanaotumia dawa za hospitali pamoja na za mitishamba, na kila mganga hajui habari za mwenzake.

Basi fanya hivi. Daktari akikuandikia dawa, muulize ni ya nini, ya muda gani, na lini urudi kuangaliwa. Ukihamia kwa daktari mwingine, mwambie kila kitu unachokitumia, pamoja na virutubishi na mitishamba. Kama majina yanakushinda, beba pakiti zenyewe. Usione haya, kwani mficha uchi hazai. Isitoshe, usikurupuke kuacha ghafla dawa za presha, kisukari au kifafa kwa sababu tu umesoma makala haya. Kuacha dawa bila ushauri ni hatari kama kuiendeleza bila ushauri. Nawe kijana unayekimbia au kucheza kandanda kwa matumaini ya kuajiriwa, jua kwamba Kenya ilipitisha sheria yake dhidi ya pufya mwaka huo huo wa 2016, na kutojua hakutakuokoa.

Kuna funzo moja la mwisho. Sharapova alirudi uwanjani Aprili 2017, lakini bega lilikataa. Aliguswa tena kisu mwaka 2019. Alipostaafu Februari 2020, akiwa na umri wa miaka 32 na nambari 373, alifichua kwamba katika mashindano ya Marekani ya mwaka 2019 ililazimu bega hilo litiwe ganzi nusu saa kabla ya kuingia uwanjani. Serena alimshinda 6-1, 6-1.

Maumivu ni mjumbe wa mwili, naye mjumbe hauawi. Ukimnyamazisha kwa sindano au tembe ili uende kazini leo, ujumbe wake haujafutika. Utausikia kesho, na kesho utakuwa na gharama kubwa zaidi.