MSHAHARA TUNAUPATA KAZINI, TUNAUPOTEZA MLANGONI MWA MWENYE PLOTI

Ndugu wafanyakazi wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu na miji mingine inayouzunguka Mlima,

Katika mkutano wetu uliopita mwanachama mmoja alisimama akasema kwamba mambo ya nyumba na mitaro si kazi ya chama cha wafanyakazi. Hayo ni siasa, alisema, na yeye hulipa ada yake ili apiganiwe mshahara, basi. Watu wengi walimpigia makofi. Mimi sikupiga, na leo namjibu kwa maandishi, kwa kuwa ni ndugu mwema asiyechelewesha ada, lakini kwa neno hili ametupoteza njia.

Mimi nakaa chumba kimoja cha kupanga. Mwaka ule tulipopata nyongeza, baada ya miezi mingi ya kubishana na mwajiri, mwezi haukuisha kabla mwenye ploti hajapita mlango kwa mlango na vikaratasi vyake: kodi imepanda. Hakutaja sababu. Habari ya nyongeza ilimfikia kama ilivyotufikia sisi. Tulikuwa wapangaji kumi na mmoja katika ua ule, saba kati yetu wanachama wa vyama mbalimbali vya wafanyakazi, na hakuna aliyefungua mdomo. Kazini tungepiga kelele mpaka meneja atoke ofisini. Pale nyumbani kila mtu aliingia chumbani mwake akahesabu pesa zake peke yake.

Hapa Nyeri tuna mtaa uitwao Witemere. Wanaojua Kikuyu wanajua maana yake: jikatie mwenyewe. Sijui kama aliyeupa jina alikuwa akicheka au akilia, lakini ndivyo tunavyoishi sisi sote, hata tusiokaa huko. Kila mtu ajikatie mwenyewe.

Ndugu yetu anasema hii ni siasa. Ndiyo, ni siasa. Lakini aangalie vyama vyetu vilitoka wapi. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waligoma kule Mombasa. Hawakuwa makuli wa bandarini peke yao. Walikuwako watu wa reli, wa mahoteli na hata wapishi wa majumbani. Waligomea mshahara usiotosha, na mshahara haukutosha kwa sababu kodi za vyumba na bei za vyakula ziliumeza. Je, watu wa kazi mbalimbali hivi walikutania wapi? Walikutana katika uwanja wa Kiembeni, huko Majengo, mtaani kwao. Huko ndiko Chege Kibachia alikopata nguvu ya chama chake cha African Workers' Federation, mpaka serikali ya kikoloni ilipomkamata mwaka huohuo.

Baadaye, mwaka 1955, serikali hiyo iliruhusu Waafrika waunde vyama vya siasa, lakini vya wilaya tu, na sisi wa Mkoa wa Kati tukanyimwa hata hivyo. Tom Mboya alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Yeye na wenzake walipoanzisha Nairobi People's Convention Party mwaka 1957, walikipanga mtaa kwa mtaa, na waliokijaza walikuwa wafanyakazi waliokaa katika nyumba za manispaa. Mboya hakuona aibu kushika mambo yote mawili.

Sasa tuje kwetu. Tangu mwaka 2023 karatasi ya mshahara ya kila mmoja wetu ina mstari mpya. Mahakama Kuu iliyakataa makato ya nyumba mwezi wa Novemba mwaka huo, kwa sababu, pamoja na nyingine, yaliwabagua wenye mishahara na wasio nayo. Yakarudi kwa sheria mpya ya nyumba iliyotiwa sahihi tarehe 19 Machi 2024. Ni asilimia moja na nusu ya mshahara wako kabla ya kukatwa chochote, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Mwenye shilingi 24,000 anakatwa 360, na kwa mwaka, pamoja na za mwajiri, ni 8,640. Nawaambia hesabu hii kwa sababu wengine wanazungumza juu ya nyumba hizo kana kwamba ni sadaka ya mwanasiasa fulani. Ni pesa yetu. Mwenye kutoa pesa ana haki ya kuuliza inajengwa wapi, ni nani ameandikwa kupewa, na je, mlinzi wa usiku ataweza kulipa amana inayodaiwa kabla ya kupewa ufunguo.

Atauliza wapi? Hapa ndipo ninapotaka masikio yenu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 137, inaitaka kila kaunti iwe na baraza la bajeti na uchumi, na inataja wazi kwamba ndani yake wawemo watu waliopendekezwa na mashirika ya kazi. Yaani sisi. Kiti kimo ndani ya sheria, karibu na cha wafanyabiashara na cha watu wa dini. Niliuliza katika tawi letu ni nani anayetukalia pale, na hakuna aliyejua hata kwamba kiti kipo. Karatasi ya mipango ya fedha ya kaunti hupelekwa bungeni kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio kabla ya tarehe 30 Aprili. Mwenye kwenda mwezi wa Juni kuomba taa ya mtaa amechelewa, pesa zimekwisha kugawanywa.

Katika Juni 2024 vijana wetu walijaa barabara za Nyeri kuupinga mswada wa fedha, na tarehe 26 mwezi huo mswada ukaondolewa. Wako waliolipa kwa maisha yao nchini. Mimi nawavulia kofia. Lakini ilipofika zamu ya makadirio ya kaunti, je, tulikuwa wapi sisi wazee wa vyama?

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mjini hulisahau. Kuanzia mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, watu zaidi ya milioni moja walisukumwa kwa bunduki katika vijiji vyenye mahandaki. Hali ya Hatari ilikwisha Januari 1960. Wenye mashamba walirudi mashambani, wasio na shamba wakabaki palepale, na katika kaunti hii wako wajukuu wao wanaokaa katika vijiji hivyo hata leo bila hati ya ardhi. Wengi wao ni wanachama wetu: wachuma chai, walinzi, vibarua wa ujenzi. Mtu asiye na hati hapati mkopo wa benki. Kila uchaguzi anaahidiwa hati, na kila uchaguzi anapiga kura.

Hiyo ndiyo kazi ya vilabu vya siasa tulivyo navyo. Nikisema kilabu simaanishi pale penye muratina, ingawa mara nyingine ni vigumu kuvitofautisha. Tuliviona 2017, tukaviona tena 2022: vinaamka miezi mitatu kabla ya kura, vinagawiwa fulana na noti ya shilingi mia mbili, halafu vinalala miaka mitano. Mwenyekiti ni kibarua wa mgombea. Kilabu cha namna hiyo hakiwezi kumwuliza mwakilishi wa wadi kwa nini mtaro umeziba, maana ndiye anayekilisha.

Tunachotaka ni kikundi cha mtaa chenye daftari lake na ada yake ndogo, kisichopokea kwa mgombea hata chupa ya soda. Watu kumi wanatosha kukiandikisha. Daftari liandikwe vyumba vingapi, kodi kiasi gani, choo kimoja kwa watu wangapi, maji yanakuja siku zipi. Kuna Sheria ya Kuzuia Kodi, Sura ya 296, inayozihusu nyumba zisizozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiasi hicho ni cha zamani mno na nyumba nyingi zimekipita, lakini vyumba vya mabati vya kodi ya chini bado vipo. Mpangaji wa chumba hicho anaweza kwenda mbele ya baraza la kodi akapinga nyongeza. Akienda peke yake atatafutiwa sababu ya kufukuzwa. Wakienda kumi na mmoja na daftari lao, habari ni nyingine.

Wako watakaosema tutagombana na wenye ploti ambao ni wanachama wenzetu, maana wapo. Ndiyo, tutagombana. Afadhali tugombane mkutanoni kuliko kunyamaziana uani.

Ndugu yangu uliyepigiwa makofi, nakualika Jumapili hii, saa nane mchana baada ya ibada, barazani pa ploti yetu. Uje na karatasi yako ya mshahara, na risiti ya kodi ya mwezi uliopita, kama mwenye ploti wako hutoa risiti.

Mimi, mwanachama mwenzenu wa tawi la Nyeri.